Mama aliyezaa jana: mwili wake unafanya kazi gani, na kwa nini mtoto hahitaji maji



Kwenye ukurasa huu tumekwisha kuongea mambo mengi: barabara, masomo, kazi, usalama. Leo naomba tuongee jambo ambalo linafanyika kila usiku ndani ya nyumba zetu lakini hatuliandikaka: mwili wa mama aliyezaa, na maziwa yake. Najua wasomaji wengi hapa ni wanaume. Musikimbie. Sehemu kubwa ya habari hii inawahusu ninyi pia.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nilizaa mtoto wangu wa kwanza Baraka. Leo ana miezi 11. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nachora homoni ubaoni, mishale inatoka kichwani inashuka kwenye titi, wanafunzi wananakili. Lakini mshale wa ubaoni hauamshi mtu saa nane ya usiku. Nilipozaa ndipo nikaona kwamba mambo mengi ambayo mama anaambiwa mtaani ni tofauti kabisa na yale tuliyosoma, na hakuna mtu anayesimama katikati ya hayo mawili ili ayaeleze. Ndiyo kazi ninayojaribu kufanya hapa.

Neno kubwa ninalotaka mushike ni hili: maziwa yanatengenezwa na kunyonya. Mtoto akinyonya sana, yanaongezeka. Akipewa kitu kingine, yanapungua. Mengine karibu yote nitakayoandika yanashikamana na hilo.

TUMBO, DAMU NA JASHO

Tuanze na mwili wenyewe. Mama akitoka materniti, watu wanamtazama tumbo. Wengine wanauliza kwa kucheka: "Bado iko moja ndani?" Yani wanadhani mtoto akitoka, tumbo linalala siku hiyo hiyo. Haliwezi. Mfuko wa uzazi ulikuwa umepanuka kwa miezi tisa. Baada ya kuzaa unakuwa na uzito wa karibu kilo moja, na unahitaji kama majuma sita ili urudie ukubwa wake wa zamani, chini ya gramu 100. Misuli ya tumbo nayo iliachana katikati ili kumpa mtoto nafasi, na inakaribiana polepole. Kwa wengine inachukua miezi.

Kufunga tumbo na kitenge, kama mama zetu wanavyofanya, kunasaidia mgongo na kunampa mtu nguvu ya kusimama. Si vibaya, ikiwa hukukaza mpaka unashindwa kupumua. Ila kitenge hakirudishi mfuko wa uzazi. Kinachourudisha ni mtoto anaponyonya, na nitaeleza namna gani. Kukandwa na maji ya moto kunapumzisha mwili, lakini maji yasiunguze, mkono usikandamize tumbo kwa nguvu, na aliyezaa kwa kupasuliwa asikandwe juu ya kidonda hata kidogo.

Damu inatoka kwa majuma manne mpaka sita. Mwanzoni ni nyekundu, kisha inakuwa ya rangi ya udongo, mwishoni ni maji meupe ya njano. Hiyo ni kawaida. Jasho la usiku pia ni kawaida. Mwili unatoa maji uliyokuwa umehifadhi wakati wa mimba. Hapa Baraka tunalaumu joto la ziwa, lakini hata kule Fizi mlimani, kwenye baridi, mama mzazi anaamka nguo zimelowa.

Karibu na mwezi wa tatu au wa nne, nywele zinaanza kutoka. Unasukua, zinabaki mkononi. Watu wanasemaka mtoto "anakula" nywele za mama, au kuna mtu amekuendea pabaya. Ukweli ni huu: wakati wa mimba, homoni zilizuia nywele zisianguke kama kawaida yake. Sasa zile zilizochelewa zinaanguka kwa pamoja. Zinarudi zenyewe.

Mkojo unaweza kuponyoka kidogo ukicheka au ukikohoa, maana misuli ya chini ilichoka. Kwa wengi inapona kwa mazoezi: unakaza misuli ile kama mtu anayezuia mkojo, unahesabu mpaka tano, unaachia, mara kumi, mara tatu kwa siku. Lakini mkojo ukitiririka wenyewe mchana na usiku bila kukoma, hasa baada ya uchungu uliochukua siku nyingi, hiyo ni fistula. Fistula inatibiwa kwa upasuaji. Hapa kwetu Kivu ya Kusini, hospitali ya Panzi kule Bukavu inajulikana dunia nzima kwa kazi hiyo. Hakuna sababu ya mama kujificha nyuma ya nyumba miaka kumi kwa kitu ambacho kina dawa.

Na matiti? Tunasikia dada wengine wanakataa kunyonyesha eti matiti yataanguka. Kinachobadilisha matiti ni mimba yenyewe, umri na kunenepa na kukonda. Ukinyonyesha au usiponyonyesha, yalikwisha kubadilika.

MAZIWA YANATOKA WAPI

Mtoto anaponyonya, chuchu inapeleka habari kwenye ubongo. Ubongo unatoa homoni mbili. Ya kwanza inaitwa prolaktini. Hiyo inaamuru titi litengeneze maziwa. Ya pili ni oksitosini. Hiyo inakaza tezi za titi ili maziwa yatoke. Prolaktini inapanda zaidi usiku, ndiyo maana kunyonyesha usiku kunalinda maziwa, hata kama kunachosha.

Oksitosini haiishii kwenye titi. Inakaza pia mfuko wa uzazi. Siku za kwanza, mtoto akishika titi, mama anasikia tumbo linamuuma kama uchungu umerudi. Kwa mama wa mtoto wa tatu au wa nne inauma zaidi. Ni mfuko unarudi mahali pake, na mishipa ya damu inafungwa. Kwa hiyo kumnyonyesha mtoto mapema kunamsaidia mama asipoteze damu nyingi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri mtoto ashike titi ndani ya saa ya kwanza.

Maziwa ya kwanza ni ya njano, mazito, machache. Kiswahili cha vitabu kinayaita dang'a. Kuna wanaoyamwaga, wanasema ni machafu, yalikaa ndani siku nyingi. Hapana. Yana kinga nyingi kuliko maziwa ya siku zinazofuata. Ni kama chanjo ya kwanza. Na uchache wake si tatizo, maana tumbo la mtoto wa siku moja linatosheka na kama kijiko cha chai kwa kila mnyonyo.

Kati ya siku ya pili na ya tano, mara nyingi siku ya tatu, maziwa mengi yanaingia. Titi linakuwa gumu kama jiwe, la moto, linauma. Mimi nilishindwa hata kulala ubavu. Hapo dawa ni kumnyonyesha mara nyingi. Kabla ya kunyonyesha, weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu ili maziwa yashuke. Titi likiwa gumu mpaka mtoto hawezi kushika, kamua kidogo kwa mkono. Baada ya kunyonyesha, weka kitambaa cha maji ya baridi. Kwa siku mbili au tatu inapungua.

Kitu kingine ambacho titi linafanya: linahesabu. Maziwa yakibaki ndani, titi linaelewa kwamba ni mengi kuliko mahitaji, linapunguza kazi. Yakitoka, linaongeza. Ni kama mama muuzaji wa ndagala sokoni: beseni likiisha asubuhi, kesho analeta mawili, likirudi limejaa, kesho analeta nusu.

"MUPE ATA MAYI KIDOGO"

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe. Nilipokuwa Baraka, kila aliyeingia nyumbani aliniambia: "Jua iko kali, mupe ata mayi kidogo." Mtoto alipofika mwezi wa pili tulipanda Fizi kukaa kwa ndugu wa bwana yangu. Kule nikaambiwa: "Baridi iko mingi, mupe uji ya moto kidogo." Joto, apewe. Baridi, apewe. Nikaona kwamba hali ya hewa ni kisingizio tu. Nyuma ya maneno yote mawili kuna wazo moja: maziwa ya mama peke yake hayatoshi.

Yanatosha. Karibu sehemu 88 kwa 100 za maziwa ya mama ni maji. Mtoto akiona joto, ananyonya mara nyingi zaidi na kwa muda mfupi, na anapata maji yake humo. Mpaka miezi sita hahitaji maji, wala uji, wala chai, wala maji ya sukari, wala dawa za majani za kusafisha tumbo. Ni dawa za muganga na chanjo tu. Baada ya miezi sita ndipo anaanza uji na vyakula laini, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Programu yetu ya taifa ya lishe, PRONANUT, inafundisha hivyo hivyo. Lakini uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa Kongo mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba katika watoto 100 wa chini ya miezi sita, 48 tu ndio walikuwa wanapata maziwa ya mama peke yake. Karibu kila mama wa Kongo ananyonyesha. Tatizo letu ni kile tunachoongeza juu yake.

Tena sisi tunakaa wapi? Kando ya Tanganyika. Munajua vizuri kipindupindu. Kuanzia Uvira, kushuka Baraka, mpaka Kalemie, kinatajwa kila mwaka kati ya maeneo ambako ugonjwa huo hauondoki. Watu wengi bado wanachota ziwani au mtoni, palepale ambapo wengine wanafua. Kijiko kimoja cha maji hayo kwa mtoto wa mwezi mmoja kinaweza kuleta kuhara, na mtoto mdogo anakauka kwa saa chache. Basi kile kijiko cha huruma kinafanya madhara mawili. Kinaingiza vijidudu, na kinajaza tumbo, mtoto ananyonya kidogo, titi linahesabu, maziwa yanapungua. Baada ya juma moja mama anasema: "Munaona? Maziwa yangu haitoshi." Kumbe yalipunguzwa na kile kijiko.

Maziwa ya kopo yana mlango huo huo: yanahitaji maji safi, kuni za kuchemsha, bibero inayochemshwa kila mara, na makuta ya kununua kopo lingine likiisha. Kwa familia nyingi zetu linaisha kabla ya mwezi, na mama anaanza kuyachanganya na maji mengi ili yadumu. Mwaka 1981 mkutano wa afya wa dunia ulipitisha kanuni za kuzuia makampuni kuyatangaza ovyo, kwa sababu watoto walikuwa wanakufa namna hiyo. Kuna mama ambao kweli wanayahitaji, wagonjwa sana au yatima anayelelewa na koko. Hao waongozwe na muganga.

UTAJUAJE KAMA YANATOSHA?

Usipime kwa kilio. Watoto wanalia kwa usingizi, kwa joto, kwa kutaka kubebwa. Jioni wengi wanataka kunyonya mfululizo saa mbili au tatu, na mama anadhani titi ni tupu. Titi halikai tupu. Linatengeneza wakati mtoto ananyonya. Na usipime kwa kukamua, maana mkono hautoi kama kinywa cha mtoto.

Pima kwa mambo haya:

– Ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa saa 24, mchana na usiku.
– Kuanzia siku ya tano anakojoa mara sita au zaidi kwa siku, mkojo mweupe.
– Unasikia anameza, na akimaliza anaachia mwenyewe, mikono imelegea.
– Anaongeza uzito. Siku za kwanza mtoto anapunguza kidogo. Akifika siku ya 14 hivi anapaswa kuwa amerudia uzito wa kuzaliwa. Kwa hiyo usikose siku ya kilo kwenye kituo cha afya.

Mtoto ambaye hakojoi, analala tu, hana nguvu ya kunyonya, au ana homa, huyo hapana kungoja kesho.

CHUCHU INAPOPASUKA

Wengi wanaacha hapa, na siwalaumu, kwa sababu maumivu yake unayasikia mpaka kwenye meno. Mara nyingi sababu ni namna mtoto alivyoshika. Akishika ncha ya chuchu tu, anaikata. Anapaswa kufungua kinywa kikubwa, aingize pia sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu, kidevu chake kiguse titi, tumbo lake litazame tumbo lako. Leta mtoto kwenye titi. Usiiname kupeleka titi kwa mtoto, utaumwa mgongo bure. Kama inauma sana, ingiza kidole kisafi pembeni ya kinywa chake ili aachie, kisha uanze tena. Baada ya kunyonyesha, paka tone la maziwa yako mwenyewe kwenye chuchu, uache ikauke kwa hewa. Sabuni kila mara inazidi kukausha ngozi. Mimi ilinichukua kama juma moja na nusu, na mkunga mmoja mzee mwenye subira ambaye alikaa karibu nami akanishikia mtoto mpaka tukapata.

Kama sehemu moja ya titi inakuwa nyekundu, ya moto, na una homa na mwili unatetemeka, hapana kudhani ni malaria peke yake. Inaweza kuwa titi limepata uvimbe wa ndani. Endelea kunyonyesha, hata titi hilo hilo, pumzika, na uende kwa muganga siku hiyo. Wengine wanahitaji dawa. Maziwa hayo hayamdhuru mtoto.

Na mama mwenye VVU? Akiwa anameza dawa zake kila siku bila kuruka, anaweza kunyonyesha, na ushauri wa leo ni anyonyeshe peke yake miezi sita ya kwanza kama mama wengine, kisha aendelee. Kitu ambacho ni hatari kwake ni kuacha dawa.

MAMBO TUNAYOSIKIA MTAANI

Wanasema mama akishtuka au akikimbia vita, maziwa yanakatika. Hapa Fizi hilo si swali la vitabu. Mama wangapi wametembea usiku na mtoto mgongoni? Hofu inaweza kuzuia ile oksitosini kwa muda, maziwa yakagoma kutoka. Lakini titi halijaacha kutengeneza. Mkalishe mama mahali pa utulivu, mpe maji ya kunywa na chakula, aweke mtoto ngozi kwa ngozi, aendelee kumnyonyesha. Yatatoka. Mahali ambapo watu wamekimbilia, hakuna maji safi wala moto, titi ndicho chakula pekee cha mtoto ambacho kinabaki safi.

Wanasema mama akilala na bwana yake, maziwa yanaharibika. Hayaharibiki. Swali la kweli ni mimba nyingine. Kunyonyesha kunazuia mimba kwa kiasi kikubwa sana, zaidi ya 98 kwa 100, lakini ni kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi sita, ananyonya tu mchana na usiku bila kitu kingine, na mama hajaona damu ya mwezi. Sharti moja likianguka, mutafute njia nyingine kwenye kituo cha afya. Munaona tena kile kijiko cha maji: kinaharibu hata hii.

Wanasema mama lazima ale vitu fulani ili apate maziwa. Hakuna chakula cha uchawi. Lakini mama anayenyonyesha anahitaji kula zaidi ya alivyokula kabla ya mimba, kama sahani moja ndogo ya ziada kwa siku, na kunywa kila anaposikia kiu. Sombe yenye mawese na karanga, ndagala, mikeke, maharagi, lengalenga, yai likipatikana: vyote vya hapa hapa. Mama ambaye anapakuliwa mwisho, anabakiziwa mchuzi, mwili wake utamlisha mtoto kwanza na yeye ataisha.

MOYO NAO UNAZAA

Siku ya tatu au ya nne, mama anaweza kulia bila sababu. Homoni zimeshuka ghafla, usingizi hakuna, chuchu inauma, nyumba imejaa wageni. Mimi nililia kwa sababu mtu alinipa chai. Kwa mama wengi sana inapita ndani ya majuma mawili. Ikizidi hapo, mama hasikii furaha kwa kitu chochote, hamtazami mtoto, halali hata mtoto akiwa amelala, au anasema afadhali afe, huo ni ugonjwa na unatibika. Tusimwambie "unajifanya muzungu", wala kumuuliza ni pepo gani. Tumpeleke kwa waganga, na tusimwache peke yake.

Kuhusu sura yetu: mwili wangu haufanani na ule wa siku ya harusi. Michirizi iko tumboni, mguu umepanuka, viatu viwili nimempa mdogo wangu. Nimeacha kungoja mwili wa zamani urudi. Ulikwenda kufanya kazi, na alama za kazi zimebaki, kama mikono ya mvuvi.

KURUDI KAZINI

Dada wasomi, hapa ndipo wengi tunakatisha. Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mama mwenye mkataba wa kazi majuma 14 ya konje ya uzazi. Inasema tena kwamba mama anayenyonyesha ana haki ya mapumziko mawili ya nusu saa kila siku ya kazi, nayo yanalipwa kama saa za kazi. Walimu na wafanyakazi wa Serikali wana sheria yao, muiulize. Wakuu wa mashirika na maprefe wanaosoma hapa, tafadhali msingoje mama aje kuomba kwa machozi.

Mimi nilipanga hivi. Nilinyonyesha kabla ya kutoka. Saa ya mapumziko, shemeji yangu aliniletea mtoto chini ya mwembe wa shule. Kwa siku ambazo haikuwezekana, nilikamua kwa mkono, ndani ya kikombe kilichochemshwa chenye kifuniko, kikawekwa mahali pa baridi. Kwa joto letu, maziwa hayo yatumike ndani ya saa nne. Apewe kwa kikombe kidogo au kijiko, maana bibero ni ngumu kusafisha na inaweza kumchanganya mtoto namna ya kushika titi. Na usiku nilinyonyesha zaidi, ili titi lisipunguze hesabu yake.

KWA WABABA NA MASHEMEJI

Hamuwezi kunyonyesha. Lakini maji ya kuoga, kuni, chakula, nguo za mtoto, kubeba mtoto akishiba ili mama alale saa moja, kumwambia mgeni wa nne kwamba mama amepumzika: hayo yote yanatengeneza maziwa. Na mama mukwe au koko akisema "mupe mayi", mama mzazi peke yake hawezi kumpinga mukwe wake, heshima inamzuia. Ni wewe, mtoto wa nyumba, unayeweza kukaa na mama yako taratibu na kumweleza: "Mama, tunangoja miezi sita. Ndivyo walivyotufundisha kwenye kituo." Mama zetu walitulea kwa walichokuwa nacho, na wanapenda wajukuu wao. Ukiwaeleza kwa adabu, wengi wanakuwa walinzi wakali kuliko wewe.

Mwisho, shikeni hizi dalili. Damu inayolowesha kitambaa kizima ndani ya saa moja au chini yake. Homa. Harufu mbaya. Kichwa kinachouma sana na macho yanaona giza. Kifafa. Mguu mmoja unaovimba na kuuma. Kupumua kwa shida. Hata moja tu, tafuteni pikipiki, mtumbwi au machela, mumfikishe hospitali, iwe ya Baraka, ya Nundu, ya Fizi au iliyo karibu. Yote haya yanaweza kuja hata baada ya mama kurudi nyumbani, ndani ya majuma sita.

Kama nyumbani kwenu kuna mama aliyezaa juma hili, msomee maandishi haya kwa lugha anayosikia vizuri, Kiswahili au Kibembe. Kisha mletee maji ya kunywa. Yake yeye, si ya mtoto.